Mbege Iliyongojea Habari za Nyota

Mimi sina subira, wala sijawahi kuwa nayo. Waulize walionilea: nilikuwa nachomoa ndizi jivuni kabla hazijaiva, naungua vidole, na kesho yake narudia vilevile. Kwa hiyo mtu akianza kunihubiria kwamba subira huvuta heri, namwambia akae kwanza nimsimulie zile siku nane nilizongoja habari za nyota. Akishasikia, ataamua mwenyewe kama subira inavuta heri au inavuta nywele.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, mwezi wa saba. Huku kwetu Machame mwezi wa saba ukungu unashuka alfajiri na kukaa mgombani mpaka unasahau kama kuna mlima. Vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu. Sabuni hakuna. Sukari kwa kibali, na kiwanda chenyewe cha sukari tunakiona kule chini kinatoa moshi kila siku. Betri za redio ndiyo usiseme kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa shule ya msingi, naishi na baba yangu kwenye kihamba chetu cha migomba na kahawa. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tulikuwa tumemzika hapohapo kihambani, mbele ya nyumba. Kaka zangu wote walikuwa mijini, wanakuja Krismasi, wanakula nyama, wanaondoka. Nyumbani tulikuwa mimi, baba na ng'ombe wawili.

Na nilikuwa na mchumba. Kijana wa Mwika, upande wa pili wa mlima, fundi wa mitambo kwenye kile kiwanda cha sukari. Kichagga chao na chetu ni kama binamu waliogombana, havielewani, kwa hiyo mapenzi yetu yote tuliyazungumza kwa Kiswahili. Wasichana wa rika langu walikuwa na watoto watatu watatu. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyekaa ng'ambo ya mfereji, alikuwa akinipita njiani ananisalimia, "Habari za uzee, mwalimu?" Nacheka, lakini nikifika nyumbani nafunga mlango kwa kishindo.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kwa nini nilikosa usingizi. Kwetu ndoa haianzi kanisani, ingawa sisi ni Walutheri wa kukaa kiti cha mbele. Inaanza kwenye chungu. Watu wa upande wa mwanamume wanapika mbege, pombe yetu ya ndizi, wanapanda nayo mpaka kwa baba wa binti, na baba anapewa kata ya kwanza. Akinywa, amekubali, na wengine wote ndipo wanywe. Asipokunywa, hakuna anayegusa, vyungu vinarudi vilikotoka na binti anabaki kufagia uwanja. Na mbege si kitu cha kuweka kabatini. Ndizi zinachemshwa, zinakaa siku kadhaa, halafu zinachanganywa na uji wa ulezi ulioota. Ukishachanganya tu, hakuna tena kuizuia. Kesho yake ni tamu, keshokutwa ni kali, siku ya tatu ni siki. Kumpa baba mkwe mbege iliyochacha ni tusi ambalo ukoo mzima unalikumbuka.

Mbege ya kwanza ya watu wa Mwika ilikuwa imeshapanda mwaka uliotangulia. Siku hiyo baba aliamka na homa. Alilala amejifunika blanketi mbili, anatetemeka, hawezi hata kuinua kichwa, sembuse kata. Wageni walingoja mpaka jioni, wakampa pole, wakabeba vyungu vyao. Homa ile ilipona kabla hawajavuka daraja. Niliyaona hayo kwa macho yangu na bado sikushtuka. Nilimpikia mtori, nikamshukuru Mungu kwamba baba amepona.

Safari hii ya pili ilipangwa iwe Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo, saa kumi na mbili jioni, tulikuwa tumekaa na redio. Baba alikuwa mpima kahawa maisha yake yote, mtu wa mizani, mtu asiyesema gunia limejaa mpaka mshale usimame. Hapandi mahindi shamba la chini kabla ya kusikia utabiri wa mvua. Hanunui dume kabla ya kuzungumza na watu watatu. Redio ile ndiyo iliyokuwa mizani yake ya dunia. Tukasikia idhaa ya Kiswahili ya ng'ambo ikisema kwamba wataalamu wa anga wa huko kwao wamepeleka chombo mbali sana, huko kwenye sayari kubwa, na kimeona kitu. Kitu kilichopo hapa duniani, akasema msomaji, lakini ambacho hakijawahi kuonekana mahali pengine popote. Watatangaza Ijumaa ni kitu gani. Kisha akahamia bei ya mafuta, bila hata aibu.

Baba akazima redio ili asimalize betri. Akapapasa masharubu.

"Tusikie kwanza hiyo Ijumaa," akasema. "Tukishasikia ndipo tutajua la kufanya Jumamosi."

"Baba, Jumamosi wageni wanapanda na mbege."

"Nimesema tusikie kwanza."

"Kwani mimi na nyota wapi na wapi?"

"Mtu hawezi kuozesha binti yake kwenye dunia ambayo hajui kesho itakuwaje," akasema baba. Na kwa sababu alikuwa mtu wa mizani, nilimwamini. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, lakini nilimwamini.

Nilituma ujumbe Mwika: subirini kidogo. Jibu likarudi kesho yake kwamba ndizi zimeshachemshwa. Ndizi zikishachemshwa zimechemshwa, hata waziri mkuu hawezi kuzirudisha mgombani.

Habari ya Ijumaa ilienea kitongoji kizima kabla sijamaliza kukamua asubuhi. Watu walikuwa wamechoka na habari za vita na foleni, wakaidaka hii kama chakula. Kitu kilichopo duniani ambacho hakijaonekana kwingine! Shangazi akasema ni watu. "Ni watu, na nawaambia mapema, wakija wasipewe kihamba, maana hata sisi hatutoshi." Mwinjilisti akasema ni ile nyota ya mamajusi, imerudi kuangalia kama tumeshika tuliyofundishwa. Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyetutia hofu ya kweli. Yeye alisema ni ardhi. Wamepata ardhi tupu huko juu, yenye rutuba, na serikali ikishajua, sisi wa vihamba vidogo ndio wa kwanza kuambiwa tufunge mizigo tukaanzishe kijiji. Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka, maana kila mmoja alikuwa na ndugu aliyewahi kuhamishiwa mahali ambapo hakuwahi kupasikia. Mzee mmoja jirani alianza kuchimba upya alama za mpaka wake siku hiyohiyo.

Kila aliyepita alimuuliza baba, maana redio ilikuwa yetu. Baba anajibu, "Mimi sibahatishi." Basi. Na mimi nazunguka uwanjani, naanza kufagia, naacha, nachota maji ambayo sikuyahitaji. Darasani niliwapa watoto hesabu ileile mara mbili. Hakuna aliyesema neno, waliniogopa.

Sasa betri. Betri nne kubwa, kuukuu, zilizokuwa zimeshakufa na kufufuka mara nyingi kuliko paka. Kazi ya kuzifufua ilikuwa yangu. Kila asubuhi nazitoa redioni, nazianika juu ya bati la banda la ng'ombe, nazigeuza, jioni nazirudisha zikiwa na nguvu ya taarifa moja ya habari. Lakini mwezi wa saba jua liko wapi? Ijumaa asubuhi nilizipanga kando ya mafiga zipate joto. Halafu nikaanza kugombana kichwani na watu wasiokuwepo, unajua zile hotuba ambazo unazitoa peke yako jikoni na unashinda kila hoja. Nilipogeuka, mbili zilikuwa zimevimba na kutoa maji meusi.

Baba aliingia, akatazama. Sikuwahi kumwona baba akikosa redio bila kulalamika, lakini siku hiyo hakulalamika. Alisema polepole kabisa, "Basi. Hatutasikia tena. Na kama hatujasikia, hatuwezi kuamua." Akatoka kwenda kwenye kahawa zake, na nikamsikia anapiga mluzi. Jamani, mluzi! Hata hapo sikushtuka. Nilidhani ni uchungu umemgeuka.

Niliacha shule siku hiyo, Mungu anisamehe, nikasema naumwa. Nikafungua sanduku langu, nikatoa vitenge viwili ambavyo mchumba wangu alininunulia kwa ajili ya siku yetu, vya maua mekundu, bado vina harufu ya duka. Nikadandia lori la kahawa mpaka Moshi mjini, na kutoka mjini nikaenda kwa miguu hadi Kiboriloni. Pale sokoni kulikuwa na kila kitu ambacho hakikuwepo nchini, ilimradi ujue kuuliza bila kuuliza. Mama mmoja muuza ndizi alinitazama usoni, akatazama kifurushi changu, akasema, "Dada, unatafuta mwanga au sauti?" Mwanga ni betri za tochi, sauti ni za redio. Nikamwambia sauti. Akaingiza mkono chini ya mkungu, akatoa nne, mpya, bado ziko kwenye karatasi yake. Alivishika vile vitenge kwa vidole viwili, akavikunjua, akasema, "Hivi si vya harusi hivi?" Nikamwambia ndiyo maana navitoa. Hakunielewa, wala sikuwa na muda wa kumwelewesha.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja na nusu, nimelowa matope mpaka magotini. Nikaweka betri mezani mbele ya baba. Hakuniuliza nimezipata wapi. Alizitazama tu, akazitazama tena, kama mwanafunzi anayetazama karatasi ya mtihani na hakusoma. Tukawasha. Sauti ikatoka nzito, safi, mpaka mbwa akaamka. Na msomaji akasema kwamba lile tangazo la wataalamu wa anga limesogezwa mbele hadi Jumatatu, kwani bado wanahakikisha picha zao.

Nililia. Sina haja ya kuficha. Nililia kwa hasira, nikapiga meza, nikasema, "Wanahakikisha nini? Chombo chao, macho yao, kitu wameshakiona!" Baba akasema, "Ndivyo wenye akili wanavyofanya. Wanahakikisha." Akaenda kulala na jua halijazama vizuri.

Jumamosi wakapanda. Walikuwa saba, pamoja na mchumba wangu aliyeomba ruhusa kazini mpaka Jumanne asubuhi, na mshenga wao, baba yake mdogo, mzee mnene mwenye koti la khaki na maneno matamu. Vyungu vinne vikapangwa sebuleni, vimefunikwa kwa majani ya mgomba, na harufu ile tamu ya ndizi na ulezi ikajaa nyumba. Baba aliwapokea vizuri mno. Alichinja mbuzi. Aliwauliza habari za mashamba, za ng'ombe, za mfereji wao. Na mshenga alipochota kata ya kwanza na kuishika kwa mikono miwili, baba akasema kwa adabu kubwa, "Ndugu zangu, naomba tungoje tangazo la Jumatatu. Nchi nzima inangoja."

Nchi nzima haikuwa inangoja. Tulikuwa tunangoja sisi.

Mshenga akairudisha kata chunguni taratibu. Kuondoka hawawezi, maana kubeba mbege ukarudi nayo ni kusema umekataliwa. Kunywa hawawezi, maana mwenye nyumba hajaanza. Wakakaa. Watu saba wenye kiu wakiwa wamezunguka vyungu vinne vya mbege, wanakunywa chai isiyo na sukari.

Jumapili tulikwenda kanisani wote, na mwinjilisti akahubiri juu ya ishara za angani mpaka mtoto mmoja akalia. Tuliporudi, mchumba wangu alinifuata kwenye mfereji nilikokuwa nachota maji. Alikuwa mtu mpole, fundi anayesikiliza mashine kabla ya kuigusa. Akaniambia, "Nimeonja kwa kidole. Leo imeshakuwa kali. Kesho jioni itakuwa siki."

"Basi mtapika nyingine."

Akatikisa kichwa. "Baba mdogo ameshasema na wazee. Mbege ya kwanza ilirudi, wakanyamaza. Ikirudi hii ya pili, hawapandi tena. Wanasema wataniombea mahali pengine."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema sitaki mahali pengine. Lakini mimi sipiki mbege, wanapika wao."

Nilimmwagia maji miguuni. Hakuwa na kosa lolote, alikuwa karibu tu. Shangazi alikuwa ananitazama kutoka ng'ambo, akanivuta pembeni. "Wewe mtoto, kachume jani la isale umpelekee baba yako. Umemuunguzia betri zake, amekasirika, ndiyo maana anavuta kamba. Mwombe radhi, atalegea." Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama umemchomea nyumba. Nimewahi kuona ndugu wawili walioshikiana mapanga wakinyamazishwa na jani moja. Lakini jani linapelekwa na mkosaji, na kwa kawaida linapanda: mdogo kwa mkubwa, mtoto kwa mzazi.

"Sipeleki," nikamwambia shangazi. "Nimekosa nini mimi? Betri nimerudisha nne kwa mbili."

"Shingo ngumu kama ya baba yako," akasema, akaenda zake.

Jumatatu ikawa siku ya tatu, na wahenga walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu kila tawi, na ukungu ule unaiangusha. Basi wageni wetu wakachukua vikapu, wakaingia shambani kuchuma kahawa za baba mkwe ambaye hajawa mkwe. Mshenga na koti lake la khaki alichuma safu nzima, anahema, anasema, "Kahawa za Machame ni nzito kweli, au ni mgongo wangu?" Baba akawa anapita nyuma yao akiwaonyesha zile mbichi, wasizichume. Alikuwa na furaha, ndivyo nilivyomwona. Na mimi kila nikipita sebuleni nasikia ile harufu ikigeuka: asubuhi kali, mchana inachoma pua, saa kumi ilikuwa inanukia kama kachumbari.

Saa kumi na mbili watu wakajaa sebuleni, wengine madirishani. Balozi alikuja na mke wake na amevaa viatu, kama mtu anayetegemea kuitwa safari. Baba akawasha redio. Habari ya kwanza haikuwa hiyo. Ya pili haikuwa hiyo. Nikaikalia mikono yangu.

Kisha msomaji akasema. Chombo kile kimepiga picha mwezi mmoja unaozunguka sayari kubwa, na juu ya mwezi huo wameona mlima unaotapika moto. Mlima wa moto ulio hai. Ni mara ya kwanza, akasema, kuonekana nje ya dunia yetu. Wataalamu wamefurahi sana.

Balozi akasogeza sikio karibu na redio.

"Mlima?" akauliza mshenga.

"Mlima!" Shangazi alipiga makofi. "Wiki nzima roho ziko juu, kumbe mlima! Si wangekuja kuuliza huku? Sisi tunao hapa nyuma ya choo!"

Nyumba nzima ikaanguka kicheko. Balozi alivua kofia akajipepea nayo, jasho linamtoka, kihamba chake kimepona. Mwinjilisti naye alicheka. Watu wa Mwika, wanaouona mlima huohuo kutoka upande wao, walicheka mpaka wakashikana mabega. Waliokuwa hawacheki ni mimi, mchumba wangu na baba.

Mshenga akafuta macho, akasimama, akafunua chungu. Harufu ya siki ikatufikia wote, na kicheko kikaisha chenyewe. Akachota kata, akaishika kwa mikono miwili. "Mzee wetu," akasema, "habari za juu tumezisikia. Sasa tuambie za hapa chini."

Baba aliinamisha pua juu ya kata. Akanyanyua uso, na hakumtazama mtu. "Imechacha," akasema.

Mshenga aliimimina ile mbege chunguni, polepole, akaigeuza kata kifudifudi juu ya jani. Akawaambia wenzake kwa Kichagga chao maneno mawili, na hata mimi nisiyekijua niliyaelewa. Wakaanza kuinua vyungu.

Ndipo nikasimama. Sikupanga. Nilichukua redio mezani, nikafungua mgongo wake, nikatoa betri moja baada ya nyingine, nikaziweka zote nne mapajani mwa baba mbele ya watu wote. "Hivi ni vitenge vyangu vya harusi, baba," nikamwambia. "Viweke. Havina kazi nyingine."

Akaziangalia zile betri. Nadhani alikuwa hajajiuliza mpaka saa hiyo nilizipata wapi. Akaziweka chini moja moja, akainuka, akatoka nje bila kofia, na ukungu ukammeza.

"Amekwenda zake," akasema shangazi, na safari hii hakuwa anatania. Wageni walikuwa wameshajitwisha vyungu. Mchumba wangu alisimama mlangoni, hatoki wala haingii. Mimi nilikuwa natazama sakafu na kuwaza kwamba kesho nitaamka, nitakamua ng'ombe, nitafagia uwanja, na itakuwa hivyo mpaka nizeeke kweli.

Baba akarudi. Koti limelowa, viatu vina udongo mbichi, na mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Nililijua lilikotoka. Isale ya karibu kuliko zote ni ile tuliyopanda kichwani pa kaburi la mama. Mshenga aliposhusha chungu na kunyoosha mikono alipokee, kwa maana wao ndio waliotukanwa, baba akampita. Akampita na mchumba wangu. Akaja akasimama mbele yangu mimi.

Sikuwahi kuona mzazi akimpelekea mtoto wake isale. Wala shangazi hakuwahi, maana nilimsikia akisema, "Ee Bwana." Na baba, ambaye siku zote anasema nami Kichagga, akasema kwa Kiswahili ili wote waliokuwemo wasikie.

"Sikuwa nangoja nyota," akasema. "Nilikuwa nangoja mbege ichache."

Akalinyoosha jani mbele yangu. "Naiogopa hii nyumba, mwanangu. Ukiondoka itakuwa na mimi tu na redio."

Nililipokea jani. Sheria inasema huwezi kukataa, lakini hata kama ingeniruhusu nisingekataa. Nilimpenda baba yangu saa ile kuliko nilivyowahi kumpenda, na hasira yangu haikuwa imepungua hata kidogo. Vyote viwili vilikaa pamoja, sijui vilitoshaje.

Baba akageuka, akaichukua kata mwenyewe, akachota katika chungu kilichokuwa karibu, akanywa. Hakuonja, alikunywa. Machozi ya uchachu yalimtoka, masharubu yakasimama, akaishusha kata ikiwa tupu na kumpa mshenga. Mshenga akanywa, akakunja uso wote, akasema, "Tamu!" Watu wakacheka tena, na kata ikazunguka, na kila aliyekunywa akaapa kwamba hajawahi kunywa mbege nzuri kama ile. Tuliumwa matumbo siku mbili, kitongoji kizima.

Watu walipokuwa wanaagana, nilimwona baba ameinama anaokota betri zake sakafuni, anazifuta kwa mkono wa koti. Akazipanga kiganjani, akanitazama.

"Na hizi," akasema, "nani atazianika?"

Kesho yake asubuhi, kabla sijakwenda shule, nilimpeleka nyuma ya banda la ng'ombe nikamfundisha: bati la upande wa mashariki, siyo lile lenye kutu, uzilaze zisigusane, na jua likishafika kwenye mgomba wa tatu uzigeuze. Akanirudishia yote mara mbili, ahakikishe amesikia vizuri.